Lugha Yetu, Mitambo ya Wengine

Katikati ya Machi 2025, Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika ilinyamaza. Amri ya rais iliyotiwa saini Washington tarehe 14 ya mwezi huo iliagiza kwamba shirika linaloisimamia Sauti ya Amerika lipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Siku iliyofuata, watumishi wa Sauti ya Amerika zaidi ya elfu moja wakaambiwa wabaki nyumbani. Idhaa iliyokuwa ikisema nasi tangu 1962 ikazimika bila hata kuwaaga wasikilizaji wake. Majuma machache kabla ya hapo, mwishoni mwa Januari, mji wa Goma ulikuwa umetekwa na waasi wa M23, na Februari ukafuata mji wa Bukavu. Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya kanisa katika miji hiyo, na ndiyo lugha ambayo mkimbizi humuuliza mkimbizi mwenziwe njia ipi ina usalama. Watu hao walipozihitaji habari kuliko wakati mwingine wowote, sauti moja kubwa ya lugha yao ilikatwa na mtu aliye bara jingine, kwa sababu zisizowahusu hata kidogo.

Vilio vilikuwa vingi, hasa huku ughaibuni. Tuliandikiana kwamba Kiswahili kimeporwa sauti. Nami nililia na waliao, kisha nikajiuliza ni mali gani hiyo tuliyoporwa. Mitambo ilijengwa kwa kodi ya Wamarekani. Mishahara ilitoka Washington, na huko huko iliamuliwa idhaa itangaze saa ngapi kwa siku na imlenge nani. Mwenye nyumba amefunga mlango wake. Sisi ni wageni tuliokaa barazani miaka 63 hata tukasahau kwamba ni wageni. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Washington haikuwahi hata kuwa ndugu. Hoja yangu, basi, ni kwamba lawama zetu zimekosea anwani. Wanaostahili kulaumiwa kwanza ni serikali zinazojiita walezi wa Kiswahili, ambazo zimewaachia wageni kazi ya kukisemesha Kiswahili duniani, na pamoja nazo sisi wasomi tuliolibariki jambo hilo kwa kulinyamazia.

Anayetaka kujua idhaa za nje huzaliwaje na azitazame tarehe zake. BBC ilianza kutangaza nje ya Uingereza tarehe 19 Desemba 1932, kwa Kiingereza, kwa ajili ya Waingereza waliotawanyika katika makoloni. Kwa miaka mitano haikuona haja ya lugha nyingine. Haja ilipatikana pale Italia ya Mussolini ilipokuwa ikitangaza kwa Kiarabu kutoka Bari na kuwachochea Waarabu dhidi ya Uingereza. Januari 1938 London ikaanza Kiarabu. Huo ndio mtindo, na haujabadilika sana tangu hapo: dola huongeza lugha pale adui anapoizungumza.

Kiswahili kiliingia kwa mlango huo huo. Mwaka 1954 Misri ya Gamal Abdel Nasser ilianza kutangaza kwa Kiswahili kutoka Cairo. Miongoni mwa sauti zake ilikuwamo ya Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali, na maneno yaliyotoka huko yaliwakera maofisa wa kikoloni kuanzia Unguja hadi Nairobi, kwa kuwa yaliwaita wakoloni kwa jina lao. Mwaka 1956 vikaja vita vya Suez. Mwaka 1957, katika muda usiozidi miezi mitano, BBC ikaanzisha Kihausa mwezi Machi, Kiswahili tarehe 27 Juni, na Kisomali mwezi Julai. Atakayesema kwamba London ilivutiwa ghafla na utamu wa lugha za Kiafrika atakuwa na kazi ya kueleza kwa nini ilivutiwa na zote tatu mwaka mmoja, na kwa nini mwaka huo ulikuwa ule uliofuatia Suez.

Waliobaki nao hawakukawia. Moscow ilianza Kiswahili mwaka 1960, Beijing 1961, Washington 1962, na Ujerumani Magharibi, kupitia Deutsche Welle iliyokuwa Köln, 1963. Ziweke tarehe hizo kando ya nyingine tunazozijua kwa moyo: Tanganyika ilipata uhuru 1961, Uganda 1962, Zanzibar na Kenya 1963. Kila bendera mpya ilipopandishwa, palikuwa na mtu ng'ambo aliyekwisha kuandaa kipaza sauti. Ufaransa, iliyochelewa, ilianza Kiswahili mwaka 2010, na studio zake ikaziweka Dar es Salaam kwenyewe.

Siyasemi haya kuwadharau watangazaji. Wengi wao walikuwa watu wetu, tena waliobobea, na kazi yao ilitujenga. Najua pia jibu nitakalopewa na wengi wanaosoma jarida hili, nalo ni jibu zito: kwamba idhaa za kigeni zilitupa uhuru tulionyimwa nyumbani. Abdilatif Abdalla alifungwa na serikali ya Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?* Baada ya miaka yake ya Dar es Salaam, alikwenda London mwaka 1979 na kuingia Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Nchi aliyoipenda ilimpa seli, na dola iliyowahi kuitawala nchi hiyo ikampa kipaza sauti. Wangapi walisikia kutoka London yale ambayo redio ya taifa lao iliyaficha kwa kupiga muziki kutwa nzima?

Jibu hilo nalikubali lote, lakini linathibitisha ninachodai. Ikiwa mwandishi wa Kiswahili hulazimika kuvuka bahari ili aseme na jirani yake, basi tatizo liko nyumbani, na tiba yake haiwezi kuwa bahari. Hifadhi ya ugenini ni neema, na mtu huishukuru neema. Hata hivyo, lugha haiwezi kupanga maisha yake juu ya neema ambayo mtoaji anaweza kuiondoa wakati wowote bila kumuuliza mtu.

Na mara ngapi imeondolewa! Tangu mwanzo, lugha za BBC za nje na saa zake zilipangwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, iliyokuwa ikizilipia. Wahariri walikuwa huru katika maudhui, hawakuwa huru katika kuwapo kwao. Tangu Aprili 2014 sehemu kubwa ya gharama imehamishiwa kwenye ada ya leseni inayolipwa na watazamaji wa Uingereza wenyewe. Hata leo, lugha haianzishwi wala haifungwi bila idhini ya waziri. Januari 2011, wakati bajeti ilipokatwa, London ilitangaza kwamba matangazo ya Kiswahili kwa masafa mafupi yatakoma, pamoja na yale ya Kinyarwanda na Kirundi kwa Maziwa Makuu. Wasikilizaji wakaelekezwa kwenye redio washirika za FM.

Badiliko hilo lilionekana kuwa la kiufundi, ilhali lilikuwa la kisiasa. Wimbi la masafa mafupi hupaa angani, likagonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka lilikotoka. Halivuki mpaka kwa pasi, wala hakuna waziri wa habari wa kulinyima kibali. Wimbi la FM hufika kadiri mnara unavyoona, na mnara husimama juu ya ardhi ya serikali fulani. Kuihamishia idhaa kwenye FM ni kumkabidhi mwenye ardhi ufunguo. Mei 2018, siku chache kabla ya kura ya maoni ya katiba, Burundi ilizisimamisha BBC na Sauti ya Amerika. Mwaka uliofuata ikaifutia BBC leseni. Agosti 2020, kanuni mpya za Tanzania zilizitaka redio za nchini zipate kibali kwanza kabla ya kurusha matangazo ya mashirika ya nje. Hivyo idhaa ya Kiswahili leo inaweza kunyamazishwa kutoka pande mbili: mwenye fedha aliye ng'ambo na mwenye ardhi aliye nyumbani. Msikilizaji amekaa katikati, na hakuna hata mmoja kati ya hao wawili anayewajibika kwake.

Limo jambo jingine linalotuhusu sisi wa fasihi zaidi kuliko wengine. Anayemiliki idhaa ndiye anayeamua kipi ni habari. Kwa miaka mingi mzungumzaji wa Kiswahili wa Lubumbashi ameyajua mazungumzo ya Ikulu ya Marekani kuliko anavyojua yanayojiri Mombasa, na wa Mombasa hajui ni riwaya gani mpya iliyotoka Unguja. Tumezoezwa kutazamana kupitia dirisha la mtu wa tatu. Habari zetu nyingi zimefikiriwa kwanza kwa lugha nyingine, kisha zikavishwa Kiswahili, na mshono unaonekana katika sentensi zenyewe. Vijana wetu wanaiga sentensi hizo wakidhani ndiyo lugha sanifu. Wasomi tumeandika makala kemkem juu ya madhara ya tafsiri katika vitabu, ilhali chombo kinachotafsiri maneno mengi kuliko mashirika yote ya vitabu tumekiacha kikipita bila kukihoji.

Wapo watakaosema kwamba nadai jambo lisilowezekana, kwamba nchi maskini hazina ubavu wa kutangaza duniani. Hao wameisahau historia yao wenyewe. Mwaka 1965 Tanzania ililichukua shirika la utangazaji la Tanganyika na kuligeuza kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na chini ya jina hilo ikawa na idhaa ya nje. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, na mitambo ya Radio Tanzania ikafanywa kuwa mali ya wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia walipewa muda hewani wa kusema na watu wao, kwa lugha zao, ndani ya nchi ambamo kuwasikiliza kulikuwa kosa la jinai. Nchi iliyokuwa na miaka michache ya uhuru, isiyo na mafuta wala dhahabu ya kutosha, iliitia hofu Pretoria na Lisbon kwa masafa mafupi.

Tena wala si Dar es Salaam pekee. Zanzibar, iliyokuwa na Sauti ya Unguja tangu 1951, kwa miaka mingi baadaye ilirusha matangazo yake kwa masafa mafupi kutoka Dole, katika kilohezi 11735. Walio Oman wanaijua namba hiyo. Mtu aliyekaa Muscat aliweza jioni kuzungusha kitufe, akasikia taarabu na taarifa ya habari ya Unguja kama aliye Mji Mkongwe. Wapenzi wa redio wa Ulaya nao walikesha kuitafuta. Visiwa vyenye watu wachache kuliko mitaa ya baadhi ya miji mikubwa viliweza kusikika ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo swali la uwezo limekwisha kujibiwa, tena kwa vitendo.

Kilichopotea ni nia. Ukombozi ulipokamilika kusini, idhaa ya nje ilionekana haina kazi tena, kana kwamba kazi ya sauti ni vita tu. Hakuna aliyekaa akauliza kama Kiswahili chenyewe kilistahili idhaa hiyo wakati wa amani. Tulipaswa kuurithi mtambo wa ukombozi na kuufanya mtambo wa lugha. Badala yake tuliuacha uchakae, na tukaendelea kusikiliza London.

Linganisha sasa na heshima tunazojikusanyia. Mwaka 2019 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya SADC. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi. Kila Julai viongozi wetu huvaa kanga na vitenge, husikiliza mashairi, husema Kiswahili ni bidhaa na ni silaha, kisha hurudi ofisini. Hakuna hata nchi moja ya Afrika Mashariki yenye idhaa ya kimataifa ya Kiswahili ya kulinganishwa na zile za wageni. Afrika Kusini, ambako Kiswahili si lugha ya kabila lolote, imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili kupitia Channel Africa. Mashariki mwa Congo, Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na taasisi ya Uswisi, inasema Kiswahili kila siku. Lugha inasherehekewa na wenyewe na kuhudumiwa na wageni. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na sisi tumeivaa hadi kwenye sherehe.

Naijua pingamizi ya vijana: redio imekufa, dunia imehamia kwenye intaneti. Wanaosema hivyo huwa na umeme na malipo ya mwezi. Desemba 2018, mara tu baada ya uchaguzi wa Congo, serikali ya Kinshasa ilizima intaneti, na katika siku hizo hizo ikakata matangazo ya RFI ya FM. Januari 2021 Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wake. Nyakati ambazo habari ni suala la uhai ndizo nyakati ambazo intaneti huzimwa, kwa sababu ile ile. Idhaa ya leo lazima iwe mtandaoni, iwe kwenye simu, iwe kwenye FM, na juu ya yote hayo ibaki na masafa mafupi kama mlango wa nyuma ambao hakuna afisa mwenye komeo lake.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mtambo mkubwa mikononi mwa serikali zetu utakuwa chombo cha kuzisifu. Hofu hiyo ninayo pia, na ndiyo inayonifanya nisidai idhaa ya Tanzania wala ya Kenya peke yake. Mfano wa Washington unafundisha. Sauti ya Amerika ilikuwa na sheria ya mwaka 1976 iliyoitaka iseme kweli na kwa uwiano. Sheria hiyo ilimlinda mhariri dhidi ya kuamrishwa, lakini haikuilinda idhaa dhidi ya kufungwa, kwa sababu mfuko ulikuwa mmoja na saini iliyohitajika ilikuwa moja. Kwa hiyo nadai idhaa ya pamoja ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ianzishwe kwa mkataba, ichangiwe na nchi zote, na bodi yake isiwe na waziri hata mmoja. Mhariri wake mkuu asiweze kuondolewa na nchi moja, wala nchi moja isiweze kuifunga kwa kuuzuia mchango wake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, tayari ipo. Ipewe kazi yenye uzito unaolingana na jina lake.

Nakumbuka kwamba Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na pamoja nayo vikasambaratika reli, bandari na ndege za pamoja. Waliovigawana walisahau kwamba vilikuwa vya raia. Hiyo ni sababu ya kuuandika mkataba kwa uangalifu zaidi. Haiwezi kuwa sababu ya kutouandika.

Na sisi wa ughaibuni tuna wajibu wetu. Idadi kubwa ya watangazaji waliolelewa na idhaa hizo wanaishi miongoni mwetu. Wengine wamestaafu, wengine wameachishwa kazi majuzi. Wanajua namna ya kuendesha chumba cha habari ambamo mhariri hamwogopi waziri, na maarifa hayo hayapatikani kwa semina ya siku tatu. Kabla hayajazikwa nao, yaandikwe na yapelekwe nyumbani. Tudai pia kwamba kanda za zamani za Dar es Salaam na Unguja, zenye sauti za wapigania uhuru, za malenga na za waimbaji, zihifadhiwe na zifunguliwe kwa watafiti, kwani kanda za sumaku huoza na hazingoji bajeti.

Tarehe 7 Julai ijayo hotuba zitasomwa tena. Balozi zetu zitatualika, tutakula sambusa na kupiga picha. Naomba walau mmoja wetu katika kila ukumbi asimame na kuuliza, kwa adabu na bila kuzunguka: Mheshimiwa, mtu wa Goma akitaka kuisikia Dar es Salaam usiku huu, aweke mshale wa redio yake kwenye masafa gani? Asikae mpaka ajibiwe.